Kitanda na jembe: historia ya bei ya kwenda kazini Mweso

MWESO (Masisi). Katika hesabu za jamaa nyingi za Mweso kuna matumizi ambayo hayaandikwi popote. Bei ya unga inajulikana. Kodi ya nyumba inajulikana, maana mwenye nyumba hasahau. Sabuni, chumvi, daftari za watoto, vyote vinajulikana mpaka franka ya mwisho. Lakini ukimuuliza mkulima anatumia kiasi gani ili afike shambani asubuhi na arudi jioni, atajibu kwamba anatembea kwa miguu yake, kwa hiyo halipi kitu.

Analipa. Na kulipa huko hakukuanza na vita hivi, wala na vile vilivyotangulia.

Katika ripoti za mashirika ya misaada, watu wanaolala mjini na kulima kijijini huandikwa kama watu wa mwendo wa kwenda na kurudi, mfano wa ule uzito unaoning'inia ndani ya saa kubwa ya ukutani: mara huku, mara kule. Mwaka 2020, wakati wa korona, redio za dunia nzima zilizungumza habari za watu waliobaki nyumbani na kompyuta zao, wakagundua kwamba nauli ya kila siku ilikuwa ikiwalia mshahara. Hata Kinshasa, mtaa wa Gombe ulipofungwa Aprili mwaka ule, wenye ofisi walifanya kazi kwa simu. Masisi habari ile ilipita juu ya vichwa vya watu. Jembe halifanyi kazi kwa simu. Ila swali lenyewe, la kwamba ni heri kazi iwe karibu na kitanda au mbali nacho, na nani analipa tofauti, linajulikana hapa kwa muda wa karibu miaka mia moja.

Mweso iko katika grupema ya Bashali Mokoto, sheferi ya Bashali, teritware ya Masisi, karibu kilomita 100 kwa barabara kutoka Goma. Kusini yake ni Kitshanga. Njia nyingine inakwenda Kashuga na Kalembe, kisha inaingia Walikale kuelekea Pinga. Zamani, katika milima hii, mtu hakuwa na neno la kutenga nyumba na kazi. Nyumba ilisimama katikati ya migomba, na migomba ndiyo iliyokuwa kazi. Nyuma yake maharagi, mtama, viazi vitamu. Ardhi ilitolewa kwa mkono wa mwami na wale waliomwakilisha, na mtu alirudisha sehemu ya mavuno na siku kadhaa za kazi. Haikuwa bure, na isisemwe kwamba ilikuwa paradiso. Njaa ilikuwako na ugomvi wa mipaka ulikuwako. Lakini umbali haukuwa gharama kubwa. Mama aliyesikia mtoto akilia aliweza kuacha jembe na kurudi kabla mtoto hajanyamaza.

Kilichovunja jambo hilo kilikuwa ni kodi. Wabeljiji walitoza kodi ya kichwa, na kodi ile ilitakiwa kwa pesa, si kwa maharagi. Pesa hazikuota migombani. Zilipatikana kwa Mzungu, na Mzungu alikuwa na plantasio yake mahali alipopapenda yeye. Mwaka 1917 ikaongezwa amri ya mazao ya lazima: siku 60 kwa mwaka mwanakijiji alime kile alichoambiwa na serikali. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa hadi 120. Ukiziweka pamoja na siku za kutafuta pesa ya kodi, unaona kwamba mwanaume wa Masisi wa zama zile alikuwa akitumia sehemu kubwa ya mwaka wake mbali na mlango wake, na hakuna aliyemlipa saa za njiani. Kazi ilihesabiwa kuanzia pale alipofika mbele ya msimamizi. Kutoka kitandani mpaka kwa msimamizi ilikuwa juu yake.

Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyopewa uwezo juu ya ardhi kubwa ili iwagawie wakoloni wa kizungu. Masisi ilikuwa na baridi nzuri, udongo wa volkano na mvua ya kutosha. Kahawa, chai, pareto na kwinini vikaanza kushika milima. Lakini wenye plantasio walikutana na tatizo ambalo mwenye kiwanda yeyote duniani analijua: wafanyakazi wanakaa mbali, na wenye mashamba yao wenyewe hawana haraka ya kuja. Bahunde wengi hawakuona sababu ya kuacha migomba yao ili wachume kahawa ya mwingine, isipokuwa pale kodi ilipowasukuma.

Kuna njia mbili za kumaliza tatizo la namna hiyo. Ya kwanza ni kumlipa mtu vizuri zaidi ili safari iwe na maana. Ya pili ni kuwaleta watu wakae karibu na kazi. Njia ya kwanza inagharimu mwenye plantasio. Ya pili inagharimu wengine.

Walichagua ya pili. Kuanzia 1937, kupitia mpango ulioitwa MIB, serikali ya kikoloni ilihamisha Wanyarwanda na kuwaleta Masisi, kwanza upande wa Gishari. Sababu zilizotajwa rasmi zilikuwa kupunguza msongamano wa watu na njaa kule Rwanda, na kuyapatia mashamba ya Kivu mikono ya kazi. Mpango huo uliendelea hadi katikati ya miaka ya 1950, na waliohamishwa walikuwa makumi ya maelfu. Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama habari ya makabila na mipaka, na ni kweli imeacha madonda ambayo bado hayajapona. Ila ukiiangalia kwa jicho la mfuko wa nyumbani, ilikuwa pia habari ya umbali. Mwenye kahawa alitaka mfanyakazi aamke mlangoni pa kazi. Aliyehamishwa alilipa kwa kuacha kwao. Mwenyeji alilipa kwa ardhi. Mwenye kahawa hakulipa umbali wowote.

Jambo kama hilo lilifanyika Katanga pia, kwa sura nyingine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliacha kutegemea watu wa kuja na kuondoka, ikajenga kambi karibu na migodi na kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Wazee wa Lubumbashi bado wanasimulia juu ya chakula cha kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni. Mtu wa kule hakuwa na nauli. Lakini siku aliyopoteza kazi, alipoteza na paa. Kuishi kazini kunapunguza matumizi ya njiani, na papo hapo kunampa mwenye kazi ufunguo wa nyumba yako.

Baada ya uhuru, wengi walifikiri ardhi ingerudi karibu na nyumba. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema kwamba udongo wote ni mali ya serikali. Kuhusu ardhi za kimila, sheria ilisema kwamba zingepangwa na amri ya rais itakayokuja. Amri ile haikuja mpaka leo. Miezi minne baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zinapewa Wazairwa. Plantasio za Masisi zikaingia mikononi mwa watu wenye cheo, pesa au urafiki na wakubwa. Wengine hawakuwa na habari ya kahawa hata kidogo. Bei ya kahawa ilipoyumba, plantasio nyingi zikageuzwa malisho ya ng'ombe.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu watoto wa leo wanadhani umbali wa shamba uliletwa na bunduki peke yake. Kahawa, pamoja na ukali wake wote, ilihitaji watu wengi. Ng'ombe hahitaji. Kilima chote kinaweza kuchungwa na vijana wawili wenye fimbo. Jamaa zilizokuwa zikilima pembeni mwa plantasio, au katikati ya mistari ya kahawa, zikaambiwa zitoke. Zikatafuta kipande kingine mbali zaidi, au zikakodi. Na kodi ya shamba katika milima hii mara nyingi hailipwi kwa pesa. Mtu analima siku kadhaa za juma kwa mwenye ardhi ndipo apate ruhusa ya kulima chake siku zilizobaki. Kwa hiyo mama anatembea mara mbili: mara moja kwenda kulipa, mara nyingine kwenda kula.

Ni katika miaka hiyo ya 1970 pia ndipo chukudu ilipoanza kuonekana katika barabara za Kivu Kaskazini. Goma imeijengea sanamu, na inastahili. Watu wa nje wanaipiga picha kama kitu cha kuchekesha, pikipiki ya mbao isiyo na injini. Lakini chukudu ilikuwa jibu la kwanza la wenyeji wenyewe kwa bei ya umbali. Haikuletwa na serikali wala shirika. Ubao wa mti mgumu, magurudumu mawili yaliyofungwa mpira, na mteremko. Mzigo ambao ungehitaji migongo ya watu kadhaa unashuka kwa safari moja. Kupanda ni kusukuma, hilo kweli, na anayesukuma anajua. Ila chukudu ilimruhusu mkulima aishi mbali na soko bila kumpa mwenye lori nusu ya mavuno.

Halafu zikaja taksi-moto. Motari anafika mahali ambapo lori halifiki, na wakati wa mvua anafika mahali ambapo hata yeye mwenyewe hajui atatokaje. Bei yake hufuata mafuta, tope na bariyeri. Ndiyo maana katika njia hizi mara nyingi anayepanda moto ni gunia, na mwenye gunia anatembea. Aprili 2011, huko Kampala, wapinzani walianza kutembea kwa miguu kwenda kazini ili kuonyesha hasira yao juu ya bei ya mafuta na chakula, na polisi wakawakamata. Masisi, kutembea kwenda kazini hakujawahi kuitwa maandamano.

Vita vilipoingia, umbali ulipata mwenye kuutoza. Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, Walikale, na moto ukasambaa Masisi yote. Mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa wingi, na pamoja nao wenye silaha. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, milima hii imepita mikononi mwa vikundi ambavyo majina yake yanabadilika kuliko majira. Mwaka 2007 na 2008, wakati wa CNDP, kambi za wakimbizi wa ndani zilijaa Kitshanga, Mweso na Kashuga. Wengi wa waliokaa kambini hawakuwa wametoka mbali. Vijiji vyao vilionekana kwa macho ng'ambo ya bonde. Mchana walirudi kulima, usiku walirudi kambini kulala. Mwendo wa kwenda na kurudi ukawa ndiyo maisha.

Kila upande wa safari hiyo ukapata kodi yake. Kwa aliyebaki kijijini kulikuwa na ile inayoitwa lala salama: mchango wa kila jamaa kwa wenye silaha ili usiku upite bila taabu. Jina hilo halihitaji maelezo, na aliyelitunga alikuwa na mzaha mbaya. Kwa aliyetembea kulikuwa na bariyeri na jeton. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa na watetezi wa haki za binadamu waliandika jinsi NDC-Rénové, kikundi kilichokuwa na makao Pinga kabla ya kugawanyika Julai 2020, kilivyowatoza watu wazima franka 1,000 kila mwezi katika maeneo kiliyoyashika, na kuwapa karatasi ya kuonyesha njiani. Asiyekuwa na karatasi alipigwa, alifungwa, au alilipa zaidi. Juu ya hayo kulikuwa na salongo, neno la zama za Mobutu la kazi ya pamoja, lililogeuka kuwa kubebea wenye bunduki maji na kuni. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariyeri 798 katika Kivu Kaskazini na Kusini. Kwa hiyo mtu aliyelala kwake alilipa kwa sababu ya kulala, na aliyetembea alilipa kwa sababu ya kutembea.

Chukua mfano, wa hesabu tu. Mama analala Mweso, shamba liko mwendo wa saa mbili na nusu. Kwenda na kurudi ni saa tano. Akienda siku tano kwa juma, ni saa 25. Msimu wa A, ule wa kuanzia Septemba, tuseme unamtaka majuma 16 ya kwenda: saa 400. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata siku 50. Siku hamsini za kazi kamili, katika msimu mmoja, ambazo hazikugusa udongo. Mwaka 1917 Mbeljiji aliamuru siku 60 kwa mwaka na watu wakaiita kazi ya lazima. Mama huyu, akilima misimu miwili, anatoa 100, na hakuna amri iliyoandikwa popote.

Na hizo ni saa tu. Ongeza jeton za watu wazima wawili kwa miezi minne, kwa bei ile ya franka 1,000: ni 8,000. Ongeza kile kinachochotwa kutoka kwenye gunia kila bariyeri, bakuli hapa, bakuli pale. Ongeza chakula kilichobebwa asubuhi, maana anayetembea saa tano hawezi kushinda na njaa. Ongeza nyani na wezi, kwa sababu shamba lisilolaliwa halina mlinzi; maharagi yanayokomaa mbali na mwenyewe hukomaa kwa ajili ya yeyote. Jua la huku, karibu na mstari wa ikweta, linakaa saa kumi na mbili tu. Ukitoa tano za njia na ukitaka kufika nyumbani kabla ya giza, muda wa jembe unabaki mdogo, na ndiyo maana shamba la mtu wa mwendo wa kwenda na kurudi huwa dogo kuliko nguvu zake.

Basi si afadhali kulala kazini? Waliojaribu Bisie wana jibu. Bisie, katika msitu wa Walikale, ilianza kuchimbwa kasiterite mwaka 2002, na vijana wengi wa Masisi walikwenda. Mgodi ulikuwa ndani kabisa, na barabara ilikuwa mbali. Wabebaji walitoa madini mgongoni, magunia ya kilo 50, siku mbili za kutembea msituni. Mchimbaji mwenyewe hakutembea. Alilala shimoni au karibu na shimo. Lakini kila alichokula kilitembea. Mchele ulikuja mgongoni, chumvi ilikuja mgongoni, bia na sabuni vilikuja mgongoni, na vyote vilipita bariyeri. Bei ya kitu sokoni Bisie ilikuwa mara kadhaa ya bei ya barabarani. Yule aliyedhani ameponyoka nauli alikuwa akilipa nauli ya kila punje iliyoingia kinywani mwake. Wengi walirudi kwao na simulizi kuliko pesa. Serikali ilipofunga uchimbaji wa mkono katika majimbo haya Septemba 2010 mpaka Machi 2011, kuna waliokwama kule bila hata cha kuwarudisha.

Kazi ya nyumbani yenyewe, ile ya kweli ya Mweso, iko mikononi mwa wanawake. Kukamua kasiksi kutokana na ndizi, kukaanga mandazi, kushona, kusaga unga kidogo na kuupima kwa kikombe mbele ya mlango. Vijana wenye sahani ya jua wanachaji simu za jirani. Kazi hizi hazina njia wala bariyeri, na mtoto anaonekana. Gharama zake zimejificha mahali pengine. Mafuta ya kukaangia na sukari vimekuja kutoka Goma na vimelipa kila bariyeri kabla ya kufika jikoni, kwa hiyo mama wa mandazi naye analipa njia, ila ndani ya bei ya mafuta. Makala zinaliwa kazini na nyumbani pamoja, na hakuna anayejua zipi ni za biashara. Tena mteja ni jirani. Jirani hachelewi kukopa, na mwezi ambao shamba la jirani limeshindikana, mandazi nayo hayanunuliwi. Kazi ya nyumbani ina kikomo: haiwezi kupata zaidi ya kile kilichomo mfukoni mwa mtaa, na pesa ya mtaa inatoka shambani.

Ndiyo maana likelemba, na vile vikundi vya akiba na mkopo vinavyoitwa AVEC, vimeshika sana katika vijiji hivi. Wanawake wanakutana kila juma, wananunua hisa ndogo, sanduku lina kufuli tatu. Mkopo wa sanduku hutumika kununua mbegu, au kukodi shamba la karibu zaidi. Kwa hesabu iliyoonyeshwa hapo juu, kukodi karibu hata kwa bei ghali kunaweza kuwa faida kuliko la bure lililo mbali. Wengi hawaoni hivyo, kwa sababu kodi ya shamba ni pesa inayotoka mkononi, na saa 400 hutoka polepole, kimya.

Walimu nao wana habari yao. Kuanzia 2011 serikali ilianza kulipa mishahara ya watumishi kupitia benki, ili isipotelee mikononi mwa wakubwa. Nia ilikuwa nzuri. Lakini katika sehemu nyingi za Masisi na Walikale benki haipo, hata Caritas ikakabidhiwa kazi ya kufikisha mishahara ya walimu wa vijijini. Mwalimu aliacha darasa, akapanda moto mpaka mahali pa malipo, akalala huko, akangoja, akarudi. Anafundisha karibu na nyumba yake, ila mshahara wake ndio unaokaa mbali. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufungwa, watu wamelazimika kutoa pesa kwa njia ya simu, na anayewapa noti anakata sehemu yake. Kukata huko ni nauli pia, kwa jina lingine.

Na sasa wale waliohama. M23 iliichukua Kitshanga Januari 2023. Mweso ikabadilisha mikono, na Januari 2024 mabomu yaliwaangukia raia mjini na kuua, wakati maelfu ya watu walikuwa wamejibanza ndani ya hospitali kuu. Wengi walishuka hadi Goma, wakakaa Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Pale kambini mahema yalisimama juu ya mawe ya Nyiragongo. Hakuna jembe linaloingia katika jiwe lile. Watu waliojua kulima walijikuta hawana kazi ya mbali wala ya karibu, na chakula cha msaada hakikutosha. Kilichobaki kwa wanawake kilikuwa kuni, upande wa hifadhi ya Virunga. Waganga wa Madaktari Wasio na Mipaka walitibu idadi kubwa ya wanawake waliobakwa wakati wa kutafuta kuni na chakula nje ya kambi. Mzigo mmoja wa kuni uliuzwa kwa kiasi cha kununulia unga wa siku. Hiyo ndiyo safari ya kazini ya bei kubwa kuliko zote katika historia hii, na haiwezi kuwekwa katika franka.

Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa ndani ya siku chache baada ya M23 kuwaambia watu waondoke. Mahema yalikunjwa, mengine yalichanwa. Kwenye karatasi, kitanda na jembe vilikuwa vinarudi mahali pamoja: mtu kijijini kwake, shamba nyuma ya nyumba. Katika hali yenyewe, wengi walikuta nyumba zimeng'olewa mabati na milango, mbegu zimekwisha, majembe hayapo, na mashamba mengine yanalimwa na watu ambao si rahisi kuwauliza swali. Upande wa Kalembe mapigano yalikuwa yameendelea Oktoba 2024, na njia ya Pinga haikuwa ya kutegemea.

Basi jamaa nyingi zimechagua njia ya tatu, ile ambayo wakoloni hawakuifikiria na mashirika hayana jina lake. Zimejigawa. Baba au kijana mkubwa anajenga kibanda cha majani shambani na kulala huko wakati wa kupalilia na kuvuna. Mama na wadogo wanabaki Mweso, karibu na hospitali na shule, na kazi ndogo ya mlangoni. Ijumaa au siku ya soko mtoto mmoja anapeleka unga na kurudi na maharagi. Saa za njia zimepungua, na shamba lina mlinzi.

Lakini moto unawashwa mara mbili. Sufuria ni mbili, sabuni ni mbili, tochi ni mbili, blanketi lazima ziongezwe. Lala salama inadaiwa kule, kodi ya nyumba inadaiwa huku. Na chumvi, ambayo zamani pakiti moja ilitosha nyumba nzima, sasa hununuliwa pakiti mbili.